Kompyuta ya zamani inagoma kuzima? Jua inasubiri nini kabla ya kuchomoa waya

Unabonyeza "Shut down". Skrini inaandika kwamba kompyuta inazima, vile vidoti vinaanza kuzunguka, na robo saa baadaye bado vinazunguka. Au skrini inakuwa nyeusi, lakini feni inavuma na taa ya mbele inawaka. Au, kali kuliko zote, mashine inazima kweli, halafu sekunde chache baadaye inajiwasha yenyewe.

Kwenye nyumba nyingi zenye kompyuta ya mezani ya miaka kumi au zaidi, dawa inajulikana: swichi ya ukutani. Tap, imezima. Kesho inawaka, maisha yanaendelea.

Shida ya dawa hii ni kwamba inafanya kazi mara nyingi sana, mpaka siku inapokataa. Siku hiyo ndani ya mashine kuna picha za harusi, hesabu za duka za miaka mitatu, na tasnifu ya binti aliyebakiza wiki mbili kuikabidhi chuoni.

Habari njema ni kwamba kompyuta inayogoma kuzima mara nyingi haijaharibika. Inasubiri. Kuna programu, kifaa au mpangilio ambao haujaipa ruhusa ya kuondoka. Kazi nzima ya kutafuta ugonjwa ni kujua inamsubiri nani.

Kuzima siyo kitendo kimoja

Waliotumia Windows 95 wanakumbuka maandishi ya rangi ya chungwa kwenye skrini nyeusi, yakisema sasa ni salama kuzima kompyuta. Baada ya hapo mtu mwenyewe alibonyeza swichi, kwa sababu kwenye mashine nyingi za wakati ule swichi ilikata umeme moja kwa moja, kama swichi ya taa.

Mwaka 1995 Intel ilileta muundo wa ATX, ambao ulibadilisha kazi ya kitufe cha kuwashia: kikawa kinatuma ombi tu. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa utaratibu uitwao ACPI, uliokabidhi mamlaka ya kukata umeme kwa programu endeshi, yaani Windows yenyewe. Tangu hapo Windows ikikwama, umeme haukatiki. Windows 98 Second Edition ilisumbua watu kwenye kuzima mpaka Microsoft ikatoa kiraka maalumu kwa ajili ya tatizo hilo. Kwa hiyo ugonjwa huu siyo mgeni.

Unapobonyeza "Shut down", Windows inaziambia programu zote zifunge, inasimamisha huduma zinazofanya kazi nyuma ya pazia, inaandika kwenye diski vitu ambavyo vilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, inaviaga vifaa vyote, na mwisho kabisa inaamuru umeme ukatwe.

Ukichomoa waya katikati, ile hatua ya kuandika kwenye diski inaweza kuishia njiani. Windows ina kinga hapa: mfumo wake wa kupanga mafaili, NTFS, unaweka daftari la mabadiliko ili muundo wa diski usivurugike. Lakini daftari hilo linalinda orodha ya mafaili, halilindi kilichomo ndani ya faili. Ni kama mkutubi ambaye anajua kila kitabu kiko rafu gani, ila hana habari kama kurasa za mwisho ziliandikwa. Ndiyo maana watu wengine huwasha kompyuta na kukuta faili lipo, jina lipo, lakini halifunguki. Programu za hesabu za biashara zinaumia zaidi, kwa sababu zinashikilia faili moja kubwa muda wote.

Imeganda usiku huu, ufanyeje?

Angalia kwanza ile taa ndogo ya diski kwenye boksi la kompyuta. Kama inapepesa, mashine inafanya kazi. Kama skrini inataja masasisho, iache hata saa moja au mbili. Diski ya zamani ni polepole, na kukatiza masasisho katikati ni moja ya njia za haraka za kuifanya Windows isiwake kesho.

Kama taa imetulia kwa karibu nusu saa na hakuna ujumbe wa masasisho, chomoa kwanza vitu vya pembeni: flashi, printa, waya wa intaneti. Mara nyingine kuchomoa printa tu kunatosha, na mashine inazima mbele ya macho yako. Jaribu pia Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Alama ya kuzimia ikitokea pembeni ya skrini, itumie.

Ikishindikana kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa zaidi ya sekunde nne bila kuachia, mpaka mashine izime. Kwa upande wa mafaili, hii nayo ni kukata ghafla, haina uungwana wowote. Ila angalau hujagusa soketi inayolisha vitu vingine, na umeipa mashine muda wa kusubiri kwanza.

Asubuhi ikiwaka, kabla ya kurekebisha chochote, nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje, flashi, au hifadhi ya mtandaoni. Mengine yote yanayofuata hapa chini yanaweza kusubiri siku mbili. Hili haliwezi.

Kuzima ambako siyo kuzima

Mtuhumiwa wa kwanza kwenye Windows 8, 10 na 11 anaitwa "fast startup". Alikuja na Windows 8 mwaka 2012, na lengo lake lilikuwa kompyuta iwake haraka. Anachofanya ni hiki: ukibonyeza "Shut down", programu zako zinafungwa, lakini moyo wa Windows haufungwi. Unapigwa picha na kuhifadhiwa kwenye diski, halafu kesho unarudishwa kama ulivyokuwa. Kwa maneno mengine, ni usingizi mzito.

Kwenye mashine mpya hakuna shida. Kwenye mashine ya zamani yenye draiva za zamani, kifaa kimoja kikishindwa kulala au kuamka vizuri, mashine nzima inakwama. Na kama kuna hitilafu ndogo, inahifadhiwa nayo na kurudishwa nayo, siku baada ya siku.

Ajabu ni kwamba ukichagua "Restart" badala ya "Shut down", Windows inafunga kila kitu kweli na kuanza upya. Hapo ndipo penye kipimo rahisi kuliko vyote. Kama "Restart" inaenda vizuri lakini "Shut down" inaganda, umemkamata. Thibitisha kwa kushikilia kitufe cha Shift wakati unabonyeza "Shut down", maana hiyo inalazimisha kuzima kamili.

Kipimo kingine kinachowashangaza wengi: fungua Task Manager, nenda "Performance", kisha "CPU", uangalie "Up time". Mtu anayejisifu kuwa anazima kompyuta kila usiku anaweza kukuta imeandikwa siku 20.

Kumtoa ni kazi ya dakika mbili. Fungua Control Panel, ingia "Power Options", kisha "Choose what the power buttons do". Bonyeza "Change settings that are currently unavailable", ondoa tiki kwenye "Turn on fast startup", hifadhi. Gharama yake ni kwamba kompyuta itachelewa kidogo kuwaka, na yenye diski ya kuzunguka itachelewa zaidi. Kwa mashine iliyokuwa inachomolewa ukutani kila siku, hiyo ni bei ndogo.

Programu isiyotaka kuondoka

Wakati mwingine Windows yenyewe inakutajia mkosaji. Inaleta skrini ya bluu tulivu yenye orodha ya programu zinazozuia kuzima, na watu wanabonyeza "Shut down anyway" bila kusoma. Soma jina. Likijirudia siku tatu, umempata.

Wanaotokea sana ni antivirusi mbili zilizowekwa kwenye mashine moja, programu ya printa ambayo printa yenyewe iliuzwa zamani, kazi ya kuchapa iliyokwama kwenye foleni, na programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni zinazojaribu kumalizia kupakia huku bando limeisha.

Kama hakuna jina linalotokea, bonyeza alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msconfig, kisha Enter. Kwenye ukurasa wa "Services" weka tiki kwenye "Hide all Microsoft services". Hatua hii usiiruke, maana bila tiki hiyo unaweza kuzima kitu ambacho Windows inakihitaji. Zinazobaki ni huduma za makampuni mengine. Zizime zote, washa mashine upya, kisha jaribu kuzima.

Ikizima vizuri, mkosaji yumo kwenye orodha ile. Usiwarudishe mmoja mmoja, utachoka. Rudisha nusu. Tatizo likirudi, yumo kwenye nusu hiyo. Lisiporudi, yumo kwenye nusu ya pili. Endelea kugawa. Orodha ya huduma 16 inakwisha kwa majaribio manne.

Kuna pia kumbukumbu ambayo Windows huandika yenyewe. Andika "reliability" kwenye sehemu ya kutafuta, ufungue "View reliability history". Utaona kalenda yenye alama nyekundu siku ambazo kitu kilianguka au Windows ilizimwa vibaya. Kama alama nyekundu zilianza siku fulani, jiulize siku hiyo kiliwekwa nini. Mara nyingi kuna mtu ndani ya nyumba anajua jibu na amekaa kimya.

Inazima, halafu inajiwasha

Hapa kuna magonjwa mawili tofauti yenye dalili moja, na kuyachanganya kunapoteza muda.

La kwanza: Windows inaanguka katikati ya kuzima, na imepangiwa kwamba ikianguka ijiwashe upya. Mtumiaji haoni kosa, anaona tu mashine inarudi. Andika "advanced system settings" kwenye sehemu ya kutafuta, ingia "Startup and Recovery", uondoe tiki kwenye "Automatically restart". Usiku huo, badala ya kujiwasha, mashine itabaki na skrini ya kosa. Ipige picha kwa simu. Maneno yaliyomo pale, hasa jina la faili linaloishia na .sys, ndiyo yanayomwambia fundi ni draiva ipi.

La pili: mashine imezima salama, ila kuna kitu kinaiamsha. Na hapa kuna siri ya kompyuta za mtumba.

Kompyuta nyingi za mezani zilizoko majumbani Afrika Mashariki, zile Dell OptiPlex, HP na Lenovo ThinkCentre, zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Zilifanya kazi miaka minne au mitano kwenye kampuni au shule huko ng'ambo, kisha zikauzwa kwa jumla na kuletwa huku. Mafundi wa maofisi hupenda mashine ziweze kuamshwa usiku kwa mtandao ili kuwekewa masasisho, au ziwake zenyewe asubuhi kabla wafanyakazi hawajafika. Mipangilio hiyo inakaa kwenye BIOS, siyo kwenye Windows. Hata ukibadilisha Windows mara kumi, bado ipo. Mashine imehamia sebuleni Mbagala au Kayole, lakini bado inajua saa ya kufungua ofisi.

Jaribu hivi: chomoa waya wa mtandao, zima, usubiri. Ikitulia, kadi ya mtandao ndiyo inayoamsha. Nenda Device Manager, fungua kadi hiyo chini ya "Network adapters", na kwenye "Power Management" ondoa ruhusa ya kuamsha kompyuta. Fanya hivyo hivyo kwa kipanya na kibodi.

Kisha ingia BIOS. Wakati mashine inawaka, bonyeza F2 mara kwa mara kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkCentre. Tafuta "Wake on LAN" uizime. Tafuta mpangilio wa kujiwasha kwa saa, ambao kwenye Dell unaitwa "Auto On Time", uzime pia. Halafu kuna ule unaosema mashine ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika: "AC Recovery" kwa Dell, "After Power Loss" kwa HP. Ukiwa umewekwa kuwasha, basi kila umeme unapokatika na kurudi saa nane usiku, kompyuta inawaka peke yake chumbani. Zipo familia zilizoanza kuhisi mambo ya kishirikina kwa sababu ya mstari huu mmoja.

Ila kabla ya kuhangaika na BIOS, angalia saa ya kompyuta. Kama kila ukikata umeme ukutani tarehe inarudi miaka nyuma, kile kibetri cha duara kwenye bodi kuu kimekwisha. Ni CR2032 ya volti 3, inauzwa maduka mengi ya saa na elektroniki kwa bei ndogo. Kikiwa kimekufa, mipangilio yote uliyoweka itafutika na kurudi ya kiwandani. Kibadilishe kwanza.

Skrini nyeusi, feni inavuma

Hapa Windows imemaliza kazi yake, lakini amri ya mwisho ya kukata umeme haijafika. Chomoa vifaa vyote vya USB ujaribu tena. Weka draiva za bodi kuu kutoka tovuti ya mtengenezaji wa mashine, siyo kutoka programu zile zinazojitangaza kutafuta draiva zote bure. Rudisha BIOS kwenye mipangilio ya mwanzo. Ikiendelea, inabaki bodi kuu au pawasaplai, na hiyo ni kazi ya fundi. Usifungue boksi la pawasaplai mwenyewe hata kama umechomoa waya, kwa sababu ndani hubaki chaji inayoweza kuua.

Diski inapokuwa ndiyo mgonjwa

Kama kuchelewa kuzima kunaambatana na kuchelewa kuwaka, mafaili kufunguka kwa shida na sauti ya kugonga tik, tik, basi acha kila kitu. Windows inajaribu kuandika, diski inashindwa, inajaribu tena. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha hali yake. Ikiandika "Caution" au "Bad", usianze kukagua diski nzima kwa chkdsk kama wanavyoshauriana watu wengi. Ukaguzi huo unaichosha diski kwa masaa, na inaweza kufia hapo hapo. Nakili mafaili kwanza, kisha nunua SSD. Kompyuta ile ile ya zamani ikiwekewa SSD inazima na kuwaka kwa namna itakayokufanya ujiulize ulikuwa unangoja nini.

Na Windows yenyewe nayo ina makosa

Siyo kila kosa ni la mtumiaji. Microsoft iliacha kuisaidia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na wiki chache baadaye, Februari, watumiaji wake sehemu mbalimbali duniani walianza kuona ujumbe kwamba hawana ruhusa ya kuzima kompyuta zao wenyewe. Kwenye Windows 11 nako, kwa muda mrefu ukichagua "Update and shut down", mashine iliweza kusasisha kisha ikawaka badala ya kuzima. Microsoft ilitoa marekebisho ya kosa hilo mwishoni mwa 2025.

Windows 10, ambayo ndiyo iko kwenye mashine nyingi za umri huu, msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi kati ya hizi hazikidhi masharti ya Windows 11. Kama matumizi ni kuandika, intaneti na video, Linux Mint ni bure na inaendesha mashine hizi vizuri, na inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu.

Ukifika kwa fundi

Mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Ni haraka, na mara nyingi inatibu. Lakini kupiga Windows kunaweza kufuta kila kilichokuwa kwenye diski C, ikiwemo "Desktop" na "Documents", na kama tatizo lilikuwa BIOS au kibetri, utarudi wiki ijayo na ugonjwa ule ule, ila bila picha zako.

Kwa hiyo usimwambie tu "haizimi". Mwambie kama "Restart" inafanya kazi, kama inajiwasha hata waya wa mtandao ukiwa umechomolewa, kama saa inapotea, na tatizo lilianza lini. Mwonyeshe picha ya skrini ya kosa. Na kabla hajaweka mkono kwenye kibodi, mwulize mafaili yatanakiliwa wapi, na usiondoke mpaka umeyaona yakifunguka huko yalikonakiliwa.